Darasa Lililopinduliwa na Lalamiko la Wanafunzi wa Udaktari

Lalamiko lenyewe huanza kwa sauti ya chini, katika foleni ya chakula au vyumbani mwa bweni, na mwisho hufika mezani kwa mkuu wa kitivo likiwa limepigwa chapa na kutiwa sahihi za darasa zima. Mhadhiri hafundishi, wasema wanachuo. Huwapa kurasa za kusoma na video za kutazama usiku, na asubuhi, badala ya kusimama mbele ya ubao na kueleza, huwagawa katika vikundi na kuwauliza maswali. Wazazi wao wamelipa ada, au Serikali imewakopesha, ili wafundishwe. Sasa wanajifundisha wenyewe. Je, mhadhiri analipwa kwa kazi gani?

Yafaa lalamiko hili lisichekwe. Limejitokeza katika taarifa za utafiti kutoka vyuo vya udaktari vya nchi mbalimbali, tajiri na maskini, na aghalabu waalimu hulipuuza kwa kusema kwamba wanafunzi ni wavivu na wamezoea kulishwa kama makinda. Ukweli ni kwamba ndani yake mna makosa na mna haki, na hapana budi viwili hivi vitenganishwe kabla ya mtindo huu kushuka kutoka vyuo vikuu na kuingia katika shule za sekondari, jambo ambalo tayari limekwisha kuanza.

Mtindo wenyewe huitwa darasa lililopinduliwa. Kinachopinduliwa si madawati bali ni mpango wa kazi. Kwa desturi, jambo jipya huelezwa darasani na zoezi hufanywa nyumbani. Katika darasa lililopinduliwa, jambo jipya husomwa kabla, kila mtu kwa wakati wake, na saa ya darasa huachiwa mazoezi, hoja na masahihisho. Mwaka 2000 wachumi watatu wa Chuo Kikuu cha Miami, kilichoko jimbo la Ohio nchini Marekani, Lage, Platt na Treglia, walieleza kwa maandishi jinsi walivyoendesha somo la uchumi namna hiyo. Kabla yao, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mwanafizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akiwataka wanafunzi wake wasome kitabu kwanza, kisha wabishane wao kwa wao juu ya swali moja gumu huku yeye akisikiliza. Lakini walioufanya mtindo huu ujulikane na watu wengi hawakuwa maprofesa. Walikuwa waalimu wawili wa kemia wa shule ya sekondari, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, wa mji mdogo wa Woodland Park katika milima ya Colorado. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi, wengi wakiwa safarini kwa ajili ya michezo. Muda si mrefu wakaona kwamba hata waliokuwapo darasani walizitazama rekodi hizo.

Waalimu wa sekondari wanaosoma kurasa hizi na wakumbuke jambo hilo pale watakapoambiwa kwamba maarifa ya kufundisha hushuka siku zote kutoka juu.

Vyuo vya udaktari viliuchukua mtindo huu kwa haraka kuliko vitivo vingine vingi. Mwaka 2012 Charles Prober wa chuo cha tiba cha Stanford pamoja na Chip Heath waliandika katika jarida la tiba la New England kwamba somo la biokemia chuoni hapo lilikuwa limepinduliwa: mihadhara ikawa video fupi, na saa ya darasa ikatumiwa kujadili visa vya wagonjwa. Kuhudhuria hakukuwa lazima. Hata hivyo mahudhurio yalipanda kutoka kama asilimia 30 hadi 80. Mwaka 2016 chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Vermont kilitangaza nia ya kuachana kabisa na mihadhara kufikia 2019. Hapo ndipo wengi walipotikisa vichwa, maana mhadhara umekuwa alama ya chuo kikuu kwa karne nyingi. Wanaoutetea kwa ajili ya uzee wake husahau ulivyozaliwa. Neno la Kilatini ambamo Waingereza walipata jina la mhadhara maana yake ni kusoma tu: katika vyuo vya kale vya Ulaya kitabu kilinakiliwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa, hivyo mwalimu alikisoma kwa sauti na wanafunzi wakasikiliza au wakaandika. Lilikuwa jawabu la uhaba wa vitabu. Uhaba huo ulipopungua, desturi ikabaki.

Lakini kwa nini udaktari hasa? Sababu haiko katika video bali katika aina ya maarifa anayohitaji daktari, na njia nyepesi ya kuiona ni kuchukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Msomaji na ashike kalamu.

Damu inayosukumwa na moyo kwa dakika moja hupatikana kwa kuzidisha idadi ya mapigo ya moyo kwa kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo. Mtu mzima aliyepumzika ana mapigo yapatayo 70, na kila pigo hutoa kama mililita 70. Jumla ni mililita 4,900, karibu lita 5, yaani takriban damu yote ya mwili huzunguka mara moja kila dakika. Maelezo haya ni sentensi tatu. Kijana wa kidato cha tano anaweza kuyasoma peke yake kwa dakika mbili na kuyaelewa. Profesa anayetumia saa nzima kuyasema mbele ya watu 200 hafanyi dhambi, ila anatumia saa ya thamani kwa jambo ambalo karatasi ingelifanya.

Sasa wanafunzi hao hao, wakiwa wamekwisha kusoma, wanaingia darasani na kuwekewa kisa. Kijana wa bodaboda ameletwa hospitali baada ya kugongwa. Hana jeraha kubwa linaloonekana. Analalamika maumivu upande wa kushoto wa tumbo. Mikono yake ni baridi na ina jasho. Mapigo ya moyo ni 122 kwa dakika, tena hafifu. Shinikizo la damu ni 112 kwa 84. Je, asubiri au ahudumiwe kwanza?

Mwanafunzi aliyekariri kwamba mtu aliyepoteza damu nyingi huwa na shinikizo la chini atasema asubiri, kwa kuwa 112 si mbaya. Mwenzake katika kikundi atauliza mapigo 122 yametoka wapi. Watagawanya: ili moyo uendelee kutoa mililita 4,900 kwa mapigo 122, kila pigo linahitaji kutoa mililita 40 tu. Basi pigo limepungua kutoka 70 hadi 40, na moyo unafidia kwa kwenda mbio. Kwa nini pigo limepungua? Kwa sababu damu inayorudi moyoni imepungua. Imekwenda wapi, na hakuna iliyomwagika nje? Hapo mmoja atakumbuka bandama, iliyo upande huo huo wa kushoto chini ya mbavu, na jinsi inavyoweza kupasuka na kuvujia ndani ya tumbo. Mwingine ataeleza mikono baridi: mishipa ya ngozi imejibana ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo, na kujibana huko ndiko kunakolishikilia shinikizo lisianguke. Mtu mzima anaweza kupoteza kati ya asilimia 15 na 30 ya damu yake, yaani mililita 750 hadi 1,500, na namba ya juu ya shinikizo ikabaki karibu na kawaida. Itakapoanguka, nafasi ya kumwokoa itakuwa imepungua sana.

Katika mabishano hayo ya dakika 20 hakuna taarifa mpya iliyotolewa na mwalimu. Yote yalikuwamo katika karatasi. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuitumia taarifa pale inapogongana na hisia ya kwanza, na kosa la kumwacha kijana benchini limefanywa mahali ambapo halimwui mtu. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya darasa lililopinduliwa katika udaktari. Mhadhara hauwezi kuifanya kazi hiyo, hata ukiwa mzuri kiasi gani, maana msikilizaji wa mhadhara mzuri huona kila hatua ikifuatana na nyingine na hujidhania kwamba angeweza kuzipiga hatua hizo mwenyewe.

Kosa hilo la kujidhania limepimwa. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walitoa taarifa ya jaribio la somo la fizikia. Wanafunzi walifundishwa mambo yale yale kwa njia mbili: baadhi walisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari, wengine walitatua maswali kwa vikundi. Waliofanya kazi kwa vikundi walijifunza zaidi, kama mtihani ulivyoonyesha. Lakini walipoulizwa, walisema walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara. Kuhangaika kuliwafanya wajione wajinga, na ulaini wa mhadhara uliwafanya wenzao wajione wameelewa. Basi mwanachuo anapoandika kwamba hafundishwi, si lazima awe mwongo wala mvivu. Anaeleza kwa uaminifu hisia ambayo haimpi kipimo sahihi. Katika jambo hili lalamiko lina kosa, na dawa yake ni kuelezwa mapema, wala si kukaripiwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba faida ni kubwa mno. Mwaka 2018 Khe Foon Hew na Chung Kwan Lo walikusanya tafiti 28 za vyuo vya afya zilizolinganisha madarasa yaliyopinduliwa na ya kawaida. Tofauti waliyoipata, kwa lugha ya takwimu, ni 0.33. Kwa maneno mepesi: mwanafunzi wa katikati kabisa wa darasa lililopinduliwa angewazidi wanafunzi 63 katika kila 100 wa darasa la kawaida, badala ya 50. Si muujiza. Ni faida ya kiasi, nayo ilikuwa kubwa zaidi pale mwalimu alipoanza kipindi kwa jaribio fupi juu ya kile kilichosomwa nyumbani. Katika tafiti chache zilizouliza wanafunzi wanapendelea mtindo upi, kama saba katika kila kumi walichagua darasa lililopinduliwa. Wanaosifu mtindo huu huwataja hao saba. Wale watatu waliobaki hawaulizwi sana, na ni wao wanaostahili kusikilizwa zaidi.

Wanasema nini? Taarifa nyingi zinarudia maneno yanayofanana. Wanasema kazi ni nyingi kupita kiasi. Video ni ndefu, wakati mwingine ni mhadhara ule ule wa zamani wa dakika 50 uliorekodiwa ulivyo. Wakifika darasani wanakuta wenzao hawakusoma, na walio tayari wanageuka kuwa waalimu wa wavivu. Au, vibaya zaidi, mwalimu akiona wengi hawakusoma hurudia maelezo yote upya, na aliyekesha anajuta kukesha.

Haya hayatokani na hisia. Ni hesabu. Mwanachuo wa mwaka wa pili wa udaktari ana ratiba iliyojaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Wahadhiri watano wakipindua masomo yao bila kushauriana, na kila mmoja akaongeza saa moja tu ya maandalizi, zimeongezeka saa tano ambazo hazimo katika ratiba yoyote. Zimekatwa katika usingizi. Chuo kinachopindua darasa bila kupunguza vipindi kimemwongezea mwanafunzi mzigo kisha kimeupa jina jipya, na hapa haki iko upande wa waliotia sahihi.

Katika Afrika ya Mashariki yako mambo mawili ambayo taarifa za Stanford haziyagusi.

La kwanza ni gharama. Video ya dakika 15 haina uzito kwa kijana wa California mwenye intaneti bwenini. Kwa mwanachuo anayenunua kifurushi cha simu kwa fedha ya chakula, video kumi kwa wiki ni kodi, na kodi hiyo huwaangukia walio maskini peke yao. Mwezi Machi 2020, vyuo vya Tanzania na Kenya vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, jambo hili lilijionyesha wazi: wako waliorudi nyumbani mahali penye umeme na mtandao, na wako waliorudi mahali pasipo na kimojawapo. Lakini ni kosa kudhani kwamba darasa haliwezi kupinduliwa bila video. Mazur alitumia kitabu. Larry Michaelsen, mwalimu wa biashara katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuta darasa lake limekua kutoka wanafunzi 40 hadi 120, alitumia karatasi na majaribio tu: kila mwanafunzi hujibu maswali peke yake, kisha kikundi hujibu maswali yale yale kwa pamoja, na hoja huanzia pale majibu yanapotofautiana. Mtindo wake ulivuka bahari. Katika miaka ya 2010 chuo kikuu kishiriki cha tiba cha KCMC, mjini Moshi, kiliujaribu katika somo la vimelea wa nje ya mwili, jamii ya chawa, viroboto na kupe. Na kule Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kilianza moja kwa moja na ufundishaji wa kuanzia kwenye tatizo na wa kuwapeleka wanafunzi vijijini, zamani kabla ya jina la darasa lililopinduliwa kutungwa. Basi anayesema kwamba jambo hili ni la wageni wenye mashine hajauliza majirani zake.

La pili ni lugha. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huhamia Kiingereza katika sekondari, na akifika chuo cha udaktari husikiliza mhadhara wa Kiingereza unaokwenda kwa kasi ya mhadhiri. Neno moja likimpita, sentensi nzima imempita, na kunyosha mkono kuuliza mbele ya watu 200 ni kutangaza udhaifu. Maandishi, au rekodi ya sauti, humsubiri. Anaweza kurudi nyuma mara tano bila ya mtu kujua. Darasani, katika kikundi cha watu sita, atasema kwa lugha anayoiweza, Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika, mpaka jambo limkae. Wako waalimu wanaokataza mchanganyiko huo kwa jina la nidhamu. Wamesahau kwamba yule kijana wa bodaboda na mama yake hawatauliza kwa Kiingereza kwa nini anapelekwa chumba cha upasuaji. Daktari asiyewahi kueleza jambo kwa Kiswahili darasani ataanza kujifunza kulieleza mbele ya mgonjwa, na hapo ni mahali pabaya pa kuanzia.

Uko upinzani mmoja wa haki ambao wanaotetea mtindo huu hawapendi kuugusa. Wapo wahadhiri ambao mhadhara wao haubadilishwi na karatasi yoyote, kwa kuwa wanamwonyesha kijana jinsi mtu mzima anavyofikiri, anavyosita na anavyojisahihisha. Kuwafukuza hao jukwaani ili kufuata mpango mmoja wa chuo kizima ni hasara. Lakini ni wachache, na kila mwanachuo anawajua kwa majina. Mhadhara wao na ubaki, labda mmoja kwa kila sura ya somo. Wengi waliobaki wanasoma maandishi yao ya mwaka uliopita, na wanafunzi wanayo tayari kwa nakala za kudurufu.

Kuhusu shule za sekondari, mambo ni mepesi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sharti kwamba mwalimu aanze kidogo. Mwalimu wa bayolojia wa kidato cha tano anayefika kwenye mzunguko wa damu anaweza kuandika kurasa mbili kwa mkono, azirudufu au azibandike ukutani siku mbili kabla, na kuanza kipindi kwa maswali matano ya dakika tano, yasiyo na mtego, ya kuonyesha nani amesoma. Muda wa kusoma autoe katika saa ya maandalizi ya jioni iliyomo tayari katika ratiba ya shule, na siku hiyo asitoe zoezi jingine la nyumbani. Kwa shule za kutwa, ambako msichana akifika nyumbani hukabidhiwa ndoo na mtoto wa kubeba, kurasa hizo zisomwe shuleni katika nusu ya kwanza ya kipindi cha masomo mawili, na nusu ya pili iwe ya vikundi. Mwanafunzi atakayeingia bila kusoma asifukuzwe wala asielezewe upya mbele ya wenzake. Akae kando na karatasi yake kwa dakika kumi, aisome, kisha ajiunge na kikundi akiikuta hoja imefika ilipofika.